Kufuli Ulilonipa

12 Mei

Kaka,

Jumapili ya tarehe nne mwezi huu, alasiri, mwanangu alipoteza sikio la kulia chumbani kwako. Sikio lenyewe lipo mahali pake, na hereni yake linayo, ila halisikii. Daktari amelipima mara mbili. Tundu la ngoma ya sikio litaziba, kasema, lakini mshipa wa kusikia umekufa, na huo haufufuki.

Sasa salamu. Hujambo? Wifi hajambo? Mwanao je, bado anashtuka mlango ukigongwa? Sisi ni wazima kwa hesabu ya wagonjwa.

Najua mtasema ni mwanao aliyefyatua. Ana miaka sita, simlaumu. Najua pia kwamba risasi iliingia kabatini na ingeweza kuingia kwingine. Nimeshashukuru, nimemaliza kushukuru. Ninachouliza ni hiki: bastola ilitokaje ndani ya sanduku la bati uvunguni, sanduku ambalo mimi mwenyewe nilikupa kufuli la kulifungia? Nilipofika, wifi alinionyesha kufuli limekaa juu ya kitanda, wazi, halina mkwaruzo. Kufuli halijifungui lenyewe, kaka. Ninauza makufuli, nayajua.

Ulipelekwa shule, mimi nikapelekwa kuuza misumari kwa kupima na kopo mbele ya duka la mtu. Leo duka la vifaa vya ujenzi ni langu, na wewe ni meneja wa kituo cha mafuta unayepeleka fedha benki na bastola kiunoni. Sikuwahi kukuonea wivu. Nilidhani aliyesoma atakumbuka kubana kufuli.

Kasuku wangu, mwanangu aliyekuwa akiongea mpaka jirani anafunga dirisha, amenyamaza. Alirudi kwangu na utepe wa ufunguo wa geti letu shingoni, umeingia damu, na mpaka leo hataki niufue.

Hatakanyaga tena kwako. Namba yako nimeifungia kwenye simu, sauti yako siiwezi kwa sasa. Ukiwa na neno, andika, mpe wakala wa vifurushi.

Mdogo wako

20 Mei

Mdogo wangu,

Nakusalimu, ingawa najua salamu yangu haina ladha kwako. Mtoto anaendeleaje? Analala upande gani? Nauliza kwa sababu usiku nalalia sikio la kulia ili nijue anasikia nini. Mto unanyonya sauti zote. Basi nageuka.

Sina cha kujitetea. Nikupe tu yale ninayoyajua. Asubuhi ile nilitoa magazini ya risasi, nikaiweka bastola sandukuni, nikafunga, nikalivuta kufuli mara mbili kama ninavyofanya siku zote. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu kituoni mchana kutwa. Nilikuwa nao hata mliponipigia. Ndivyo ninavyokumbuka. Lakini mtoto hawezi kufungua kufuli lililofungwa, kwa hiyo ninachokumbuka ni uongo. Labda ile ya kuvuta mara mbili ilikuwa siku nyingine. Siku zote zinafanana mtu akishazoea.

Na hili nalo ulijue, kabla hujaambiwa na wengine: kutoa magazini nilitoa, ila risasi moja ilibaki ndani ya mtutu na sikuitazama. Hilo halina labda.

Wifi yako amemchukua mtoto, yuko kwao. Hakugomba. Alikunja nguo, akasema, "Siku ukijua ulifunga au hukufunga, utaniita." Nimebaki na nyumba inayonisikiliza.

Bastola iko kwa polisi. Hawairudishi mpaka nionyeshe sefu iliyofungwa ukutani, na mwenye kituo amesema bila bastola hanihitaji kwenye fedha. Mimi sefu sizijui. Naona aibu kukuuliza wewe katika watu wote, lakini chuma unakijua wewe. Nichukue ipi, ya mtu wa mshahara wangu?

Kaka yako

27 Mei

Kaka,

Sijambo, Kasuku hajambo kiasi. Analala kifudifudi, akinigeuzia lile lisilosikia ili asinisikie nikimwamsha. Nimecheka mara moja tu tangu siku ile, na ilikuwa hapo.

Sijakusamehe. Najibu kwa sababu mwanao ana masikio mawili na nataka abaki nayo.

Nimezunguka maduka manne, tena nimepekua na stoo yangu. Ile ndogo ya vitufe, inayouzwa kwa bei ya jozi ya viatu, iache. Niliipiga ngumi moja juu huku nazungusha kitasa, ikafunguka. Muuzaji akasema, "Umebahatisha, mama." Nikabahatisha tena mbele yake. Akaniomba niondoke kabla wateja hawajaona.

Ya alama ya kidole, ya bei nafuu, iache pia. Nilisajili kidole changu, kisha nikamwita Kasuku aweke chake. Ikafunguka. Kidole cha mtoto wa miaka tisa! Aliutoa mkono kama ameungua, akaenda kukaa nje. Nilijuta kumwita.

Kuna kabati la kusimama, refu kama mlinzi. Hilo ni la mtu mwenye bunduki saba na hana pa kutundika makoti. Si lako.

Yako ni hii. Mwili wa chuma cha milimita tatu, mlango milimita nne, bawaba ziwe ndani zisishikike na bisibisi. Vitufe vya chuma vya kubonyeza kwa mpangilio, visivyotaka betri. Matundu manne mgongoni. Ni kilo kumi na nane, mwizi anaitia begani akipiga mluzi, kwa hiyo lazima ifungwe ukutani kwa boliti za kutanuka, kwenye tofali zima, si kwenye lipu. Bei yake ni theluthi ya mshahara wako wa mwezi. Ukiona ni ghali, linganisha na bili ya daktari wa masikio, nakala ninayo.

Namba ya siri usiweke mwaka aliozaliwa mwanao, anaujua kuliko wewe. Ufunguo wa dharura ukae kazini, usikae nyumbani hata ndani ya kopo la sukari. Risasi ziwe na chombo chake, na kufuli lake. Na kila ukirudi, tazama ndani ya mtutu kwa macho na uguse kwa kidole. Usimtegemee yule aliyezoea.

Lile sanduku la bati litupe.

Mdogo wako

8 Juni

Mdogo wangu,

Habari za huko? Ahsante kwa barua. Niliisoma nimesimama, halafu nikakaa.

Sefu nimeiona, ile ile uliyoeleza. Nimeacha malipo ya kwanza, mengine mwisho wa mwezi. Fundi amegonga ukuta wote wa chumba akapata tofali zima nyuma ya mlango. Ameuliza, "Unaficha nini, mzee, dhahabu?" Nikamwambia naficha ujinga wangu. Akasema basi tutahitaji sefu kubwa zaidi. Nilicheka, kisha nikaona vibaya.

Sanduku nimelitupa. Kufuli nimeshindwa kulitupa, nakurudishia kwenye kifurushi hiki. Nilitaka kwanza nijue. Nimelifunga kwenye nondo nikalipiga nyundo, nikaingiza mtaimbo, nikalining'inia mwenyewe mzima. Halikuachia. Mdogo wangu, kufuli ulilonipa halina kosa. Ni zuri. Nimelitafutia kosa usiku na mchana ili nipate wa kugawana naye, sikupata. Liweke ulione wewe mwenyewe, usije ukafikiri natafuta kisingizio.

Nimemwandikia wifi yako kwamba sasa najua. Sikufunga.

Mwambie Kasuku mjomba wake anamsalimu. Kama hutaki kumwambia, nitaelewa.

Kaka yako

27 Juni

Mdogo wangu,

Hamjambo? Wakala anasema kifurushi ulikipokea tarehe kumi na moja, na sahihi yako nimeonyeshwa. Tangu hapo kimya. Najiuliza kama nimekuudhi kwa kukurudishia zawadi. Sikuwa na nia hiyo. Au mtoto amezidiwa? Nitumie hata karatasi tupu nijue mko hai.

Mambo yamefika hapa. Polisi wanataka maelezo yangu ya mwisho kwa maandishi. Nimeshayatunga: kwamba niliondoka nyumbani nikaacha sanduku la silaha bila kulifunga, watoto wakiwamo. Yule afisa ni mtu mwema, aliniuliza mara tatu kama nina hakika, kwa sababu nikishaandika hivyo kibali cha silaha nitanyimwa maisha yangu yote, na wanaweza kunipeleka mahakamani. Nimemwambia nina hakika. Kazi ya fedha kituoni itakwenda. Wifi yako amesikia; kasema mtu aliyekiri kuacha sanduku wazi asitegemee kulala na mtoto chumba kimoja.

Ijumaa tarehe nne Julai, saa nne asubuhi, nitaweka sahihi. Nadhani nikishaweka nitalala.

Sefu imefika. Imekaa sebuleni ndani ya boksi. Sijui naifungia nini.

Kaka yako

1 Julai

Kaka,

Usiweke sahihi.

Salamu zangu ni hizo. Nyingine zitakuja nikishaeleza, nisipokatika njiani.

Kufuli lilifika tarehe kumi na moja, na sahihi uliyoonyeshwa ni yangu. Nililiweka mezani dukani, limefungwa, nikaendelea na wateja. Kasuku alirudi kutoka shule, akaliona. Hakuuliza ni la nani. Mkono wake ulipanda wenyewe mpaka kifuani, kwenye utepe.

Nikamwambia, "Nipe huo ufunguo." Akanipa. Ni ufunguo wa geti langu. Niliuingiza kwenye kufuli lako na likafunguka, laini kabisa, kama lilivyomfungukia yeye.

Mwanzoni mwa mwaka muuzaji wa jumla alibaki na katoni ya makufuli ya ufunguo mmoja. Aliyeyaagiza alikuwa na maghala, alitaka ufunguo mmoja ufungue milango yote, kisha akaghairi. Nikauziwa kwa nusu bei. Nilijua, kaka. Sikudanganywa. Nilipiga hesabu: nitauza moja mtaa huu, moja mtaa ule, nani atakutana na nani? Moja nikaweka getini kwangu. Moja nikakupa wewe, nikajisifu kwamba ni zawadi. Hesabu yangu ilimhesabu kila mtu ila mtoto anayelala kwangu siku za shule na kwako siku za mapumziko.

Nilimkalisha Kasuku upande wa sikio zima. Nilimuuliza alijua lini.

"Zamani. Tulikuwa tunacheza na mtoto wa mjomba, tunajaribu ufunguo kila mahali. Kabati ukakataa. Baiskeli ukakataa. Sanduku la mjomba ukakubali."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulisema mjomba aliacha wazi. Nikaona ukisema hivyo hutanigombeza."

"Na mjomba?"

Akalia. Akasema, "Mjomba ni mkubwa."

Hiyo ilikuwa tarehe kumi na moja. Leo ni tarehe moja. Utaniuliza siku hizo zote nilikuwa wapi. Nilikuwa dukani, nauza. Siku ya kwanza nilisema nitakuandikia kesho. Nilitoa makufuli yaliyobaki, nikayakata kwa msumeno wa chuma, nikaweka tangazo mlangoni kwamba aliyenunua aina ile arudishe apewe jingine bure. Hayo nilifanya haraka, maana hayakunigharimu wewe. Kisha nikaanza kuhesabu: nikisema, kila mtu atajua ufunguo wa geti langu ndio uliofungua; nisiposema, kaka ameshakubali, na ameshazoea kubeba. Nilikuacha ubebe. Barua yako ya mwisho ilinikuta bado nahesabu.

Tuelewane, sikufuti makosa yako. Sanduku la bati si sefu, hilo ni lako. Risasi ndani ya mtutu ni yako. Lakini ulifunga, kaka. Ulivuta mara mbili, kama ulivyosema. Kichwa chako ni kizima, na ile kumbukumbu ni ya siku ile ile. Ukiandika kwamba uliacha wazi utakuwa unasema uongo mbele ya polisi kwa ajili yangu, nami sijakuomba, na nikikaa kimya ni kama nimekuomba.

Nimemwandikia wifi leo hii, na barua yake imetangulia yako. Nimemweleza yote, pamoja na hizi siku ishirini. Ufunguo na kufuli nimevifunga pamoja ndani ya kitambaa. Alhamisi jioni napanda gari, Kasuku nakuja naye. Ameomba mwenyewe. Anataka akae upande wako wa kulia, sikio zima likuelekee, akwambie kwa mdomo wake, na nimemwambia kosa ni la mama, yeye ni kusema tu. Ijumaa asubuhi nitakuwa mlangoni pa kituo cha polisi, na maelezo yangu nimeshayaandika.

Dirili nakuja nayo. Boliti ninazo, za kutanuka. Sefu tutaifunga ukutani mchana, hata kama bado haina cha kuhifadhi.

Simu yangu nimekufungulia tangu asubuhi ya leo. Afisa anakungoja saa nne. Mimi nangoja simu yako kabla ya saa mbili asubuhi hiyo hiyo, na sitaki maelezo, sitaki pole, sitaki uniulize hali: utaweka sahihi, au utaningoja mlangoni?

Dada yako