Nichague Masomo Gani na Mdomo Huu?

Mama Dévote, salaam aleikum, mwenzio yamenifika shingoni, nisaidie mbio mbio juu fishi ya kuchagua masomo inarudishwa Ijumaa na mi sijajaza hata mustari mumoja. Mi ni mutoto wa Buyenzi, niko nasoma saikolojia mwaka wa pili, na tangu nikiwa mudogo watu wananifungulia roho, hata kwenye foleni ya maji mutu ananisalimia tu, dakika tano ananipa habari za ndoa yake yote, kwa hiyo mi nilijua saikolojia ya kliniki ndiyo njia yangu, na papa yangu alishaambia garaji nzima anakofanya kazi. Sasa profesa alitutuma tuzungumze na mutu kisha tusome ripoti mbele ya wenzetu, akasema jina lifichwe, na mi wallahi jina nililificha, niliandika Bibi X, muuza sambusa karibu na msikiti, mwenye jino la dhahabu, mkwe wake ametoka Gasenyi. Huyo mama alinilea na sambusa zake, akaniamini, akaniambia kwamba Jumatatu na Alhamisi anajifanya amefunga sunna juu chakula cha mkwe wake kinamushinda, chumvi tupu, mchana anakula mishikaki kule Kigobe asikojulikana, na magharibi anasema tende zimemutosha. Kumbe Ilias aliyekaa nyuma yangu darasani ni kaka wa huyo mkwe! Jua halijatua, habari iko Buyenzi. Mkwe amelia, leo siku ya tano jiko limefungwa, na yule mama ananipita kama nguzo ya umeme, Mama Dévote, inaniuma. Profesa anasema kwa mdomo huu niache kliniki, nami nafikiri nichukue saikolojia ya kazi ao ya shule, huko hakuna siri. Somo la siri ya kazi, lile la kutunza siri za watu, apana, sikulichukua, juu liko Jumamosi asubuhi na Jumamosi kuna harusi, na takwimu nayo nimeikimbia. Nifanye nini? Na tafadhali, tafadhali, jina langu USILITAJE, watu wa Buyenzi wana maneno.

Mwenye Machozi, Buyenzi

Mwanangu, aleikum salaam. Pole, lakini ngoja kwanza nikuseme. Umeniandikia kurasa nne na nimefuta mbili, maana humo mlikuwa na talaka ya binamu yako na dawa anazokunywa papa. Nilikuuliza? Mishikaki nimeiacha kwa kuwa mtaa mzima umeshaila. Nanyi wasomaji, msianze kuchungulia watu midomoni: sambusa, jino, jina la Ilias na huko alikotoka mkwe nimevibadilisha.

Jina lako umeliombea tafadhali mbili na herufi kubwa. Yule mama ulimfunika kwa X moja, uso ukauacha nje. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wako umeponza jiko la watu.

Eti ofisini na shuleni hakuna siri! Mfanyakazi atakuja kukwambia anavyomwogopa mkubwa wake, mtoto atakwambia kwa nini bado anakojoa kitandani, nao utawasoma mbele ya akina Ilias? Hakuna saikolojia iliyotengewa mdomo wazi, we. Lakini kufunguliwa roho kwenye foleni ya maji ni zawadi, wengine tumeihangaikia miaka, sitaki uitupe.

Leo hii nenda kwa yule mama. Usibebe daftari, wala usimweleze profesa alisema nini. Mwambie, "Mama, nimekukosea, nisamehe," kisha nyamaza. Akikufokea, fokewa. Akikupa sambusa, kula. Vita ya chumvi waachie wenyewe, usiende kuwapatanisha, nakujua sasa.

Kwenye fishi anza na lile somo la Jumamosi. Harusi za Buyenzi haziishi, utazikuta. Takwimu nayo ijaze, namba hazina mawifi. Mstari wa kliniki uache mtupu kwanza.

Maana kuna jambo. Wiki hii nimepata barua nyingine kutoka mtaa wenu, ya mtu unayemfahamu vizuri, na wewe umetajwa humo. Ni nani? Amesema nini? Sikwambii, na ukinipigia simu sipokei. Ijumaa ikifika hujamuuliza mtu yeyote, hata papa, hata Ilias, chukua kalamu ujaze kliniki.