Gari Tulilomnunulia Mama

Hail Sidra,
Jebel Akhdar.
Jumatatu, 20 Oktoba.

Mpendwa mdogo wangu Mundhir,

Assalamu alaykum. Naomba maneno haya yakukute mzima wewe, Thurayya na mapacha, na baridi ya Glasgow isiwe imeshawatia kikohozi. Goti lako linaendeleaje? Thurayya aliniambia uliteleza kwenye ngazi za treni ukakataa kwenda kutazamwa. Ukaidi huo najua umeutoa wapi. Na wale watoto, bado wanaongea lugha yetu, au tayari wanamjibu mama yao Kiingereza tupu? Wasemeshe, Mundhir, usichoke.

Sisi huku, alhamdulillahi kwa kila hali. Nimesema "kwa kila hali", na wewe umelelewa nyumba hii, unajua tunasema hivyo lini.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwa simu siwezi. Ukipiga, Baba anaweka sauti ya juu wasikie mpaka mbuzi, Mama anakwambia hajambo, nawe unaamini. Nikimaliza nitazipiga picha kurasa hizi nikutumie leo hii hii, maana posta tukiingojea tutachelewa. Zisome ukiwa umekaa.

Habari yenyewe ni ya gari. Najua utasema, lo, Zuwena naye, bado na gari? Bado. Nisikilize mpaka mwisho.

Unakumbuka lile Landkruza letu kuukuu lilivyotufia mwezi wa nne pale kwenye mteremko, injini imekwisha kabisa. Tangu siku hiyo aliyekuwa akimpeleka Mama Nizwa kwenye mashine ya kusafisha damu ni jirani yetu Khalfan. Jumamosi, Jumatatu, Jumatano, anapiga honi mlangoni kabla jua halijatoka. Khalfan hajawahi kununa hata mara moja, Mungu ampe kheri. Lakini Mama unamjua. Kubebwa na mtu baki kunamuuma kuliko sindano. Alikuwa anaamka saa nzima mapema akae kibarazani na shela yake, asije akamngojesha mtu.

Basi gari lilikuwa lazima, na lilikuwa moja tu. Hata kale kagari kangu nilikokuwa nakaacha chini kwa sababu askari wa kizuizi hawaruhusu gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne kupanda mlima, tumekauza kuongezea. Baba akasema pikapu. Mimi nikasema Prado. Wewe kwa simu ukasema Prado na trela nyuma. Trela! Mundhir, miaka ya Ulaya imekula akili yako? Umeusahau ule mteremko? Trela lenye tangi la maji lingetusukuma mpaka Birkat al-Mawz kule chini ya mlima bila hata kukanyaga mafuta.

Baba hakuwa mkorofi tu, nataka uelewe hilo. Mfereji wa falaji sasa unatoa maji ya unene wa kidole. Mvua imetusahau. Matuta ya juu, ile mikomamanga aliyoipanda babu, haipati kitu ila maji ya kubeba, na maji ya kubeba yanataka pikapu yenye tangi mgongoni. Na komamanga zikivunwa zishuke sokoni, na mbuzi nao wana safari zao. Baba alikuwa akirudi shamba jioni anakaa anatazama mikono yake.

Mimi nilikuwa natazama mgongo wa Mama. Wewe hujamwona akitoka kwenye mashine. Anatoka hana nguvu ya kushika kikombe, anatapika njiani, anataka kulala chali asitikiswe, na kutoka lami inapoishia mpaka kwetu ni mawe matupu. Pikapu ikiwa haina mzigo inarusha watu kama mahindi kwenye chungu. Tukalumbana mwezi mzima. Kila tukikaa mkekani kula, Baba ananikaribisha kwa dhihaka, "Wakili wa Prado amekuja, mpisheni." Siku moja akaniambia, "Hilux ina viti vitano. Mama yenu ni mmoja. Anataka vingapi?" Nikamjibu, "Anataka kulala, Baba. Wewe ukitoka shamba hulali?" Akanyanyuka, akaacha wali wake.

Mama hakuchagua upande. Aliosha vikombe vya kahawa, akavipanga. Mara moja tu aliniuliza tangi la pikapu linachukua maji kiasi gani, na kama safari mbili kwa siku zinatosha matuta ya juu. Nikamwambia mama weee, hayo usijisumbue nayo, wewe shughulika na afya yako.

Jumanne iliyopita nikashuka na Baba Nizwa kwenye duka la magari. Alivaa kilemba kipya na jambia kiunoni utadhani anakwenda kuposa. Akaizunguka pikapu, akagonga bodi, akalala chini ya gari na kanzu yake nyeupe akitazama springi, muuzaji anahangaika, "Mzee, tafadhali, mzee!" Nikajua nimeshindwa. Nilikuwa nishaanza kupanga maneno ya kumwambia Mama.

Kisha akaomba aoneshwe Prado. Akamwambia muuzaji alaze viti vya nyuma. Akavua viatu, akapanda, akajilaza, Mundhir. Baba yetu, na jambia yake, amelala chali nyuma ya gari la watu, mikono kifuani, amefumba macho. Akamwambia yule kijana, "Endesha. Pita pale penye mawe." Wakaenda kwenye kiwanja cha nyuma penye vifusi, wakazunguka na kuzunguka, mimi nimesimama juani. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akavaa viatu vyake taratibu, akasema, "Hili. Halimtikisi sana."

Nililia pale pale mbele ya watu, wala sikuona haya.

Akalilipia papo hapo, tuje kulichukua baada ya siku chache, na Khalfan akaturudisha. Tulipofika akaenda kumwambia Mama mwenyewe, na alimwambia kama bwana harusi anayetaja zawadi. Mama akamsikiliza. Akauliza, "Na maji?" Baba akasema, "Maji Mungu ataleta." Mama akasema, "Mikomamanga ya juu itakufa kabla." Baba akasema, "Ife." Baba huyo huyo, aliyekuchapa fimbo kwa kuvunja tawi moja! Nilidhani Mama atafurahi. Akaweka kikombe chini akamwambia, "Sulaiman, ukilileta gari hilo mimi silipandi." Tukacheka. Tulidhani ni deko.

Kesho yake Khalfan akapiga honi. Mama hakutoka. Nikaenda chumbani nikamkuta amekaa kitandani na nguo za kulalia, ametulia, ananiambia, "Mwambie Khalfan Mungu amlipe. Asije tena." Nikambembeleza, nikamfokea, nikambusu miguu. Hakuna. Baba akasema mwacheni, amenuna kwa sababu ya Prado, hasira zitaisha. Jumamosi Khalfan akaja tena hivyo hivyo, Mama akakataa. Miguu yake ilikuwa imeanza kujaa. Nilimpigia daktari wake Nizwa. Hakunificha. Alisema mtu wa hali ya Mama asipofika kwenye mashine, hayo ni mambo ya siku, wala nisijidanganye kwa wiki.

Hapo Baba akaingiwa na hofu kweli. Akaona dawa ni moja, ampe anachotaka. Akamwomba Khalfan ampeleke Nizwa mchana ule ule, akawaeleza watu wa duka kwamba mke wake mgonjwa hataki Prado. Sijui aliwaeleza vipi, nafikiri walimwonea huruma, wakambadilishia. Jana asubuhi akaingia na pikapu, nyeupe, mpya, viti bado vina plastiki zake. Akaiegesha mlangoni kabisa, akaita kwa sauti, "Ghaliya! Haya, nimeshindwa. Pikapu hii hapa. Vaa shela yako twende, wanakusubiri, nimewapigia."

Mama akatoka akiniegemea. Akaupapasa mlango wa gari. Akatazama kule nyuma, mahali pa kuweka tangi, kwa muda. Akasema, "Umefanya vyema. Sasa nenda ukajaze maji."

"Tukitoka hospitali."

"Mimi hospitali siendi tena, Sulaiman."

"Ulisema hupandi Prado! Mimi nimerudisha Prado!"

"Ningesema nimechoka, mngenibeba mkanipeleka. Miaka minne mnanibeba. Nimechoka."

Baba akasimama na ufunguo mkononi. Kisha akamfuata kumnyanyua, alitaka kumwingiza garini kwa nguvu, na Mama akashika mwimo wa mlango akapiga ukelele, si wa hasira, wa maumivu. Baba akamwachia. Sijawahi kumwona vile. Alirudi nyuma kama yeye ndiye aliyeumizwa.

Unajua alichofanya? Alikwenda kujaza maji. Alipanda na kushuka kutwa nzima, tangi baada ya tangi, mpaka maji yakawa yanafurika kwenye matuta na kumwagika njiani. Khalfan alimwendea akamwambia, "Abu Mundhir, inatosha, miti imeshiba." Hakumsikia. Alikuwa analia anaendesha.

Sasa nikwambie jambo linaloniua mimi. Gari jipya ni gari jipya. Watu wameliona, na leo tangu asubuhi wanakuja kutoa hongera. Wanakuja na halua, wanakuja na tende, wanasema mabruku, Mungu awape kheri yake awaepushe na shari yake. Hawajui. Mama ametukataza tusiseme. Amekaa nao sebuleni, ameegemea mto, anawamiminia kahawa kwa mkono wake, anajibu kila mmoja amina. Bi Shinuna akamtazama uso ulivyojaa akasema, "Mashallah Ghaliya, umenenepa! Gari jipya limekukubali!" Wanawake wakacheka. Mama akacheka nao. Mimi nikaenda jikoni nikauma kanga.

Leo ni Jumatatu, siku yake. Mashine imewashwa Nizwa na mahali pake pako wazi. Pikapu iko mlangoni, ina mafuta tele, Baba kakaa ndani yake tangu alfajiri na mlango wa pili kauacha wazi. Kila Mama akikohoa anageuza kichwa. Wageni wanadhani anajivunia gari.

Mundhir, tumegombana mwezi mzima ni gari gani litamfikisha, wala hatukumuuliza kama anataka kufika. Hilo ndilo linalonisaga. Nina hasira naye, nina hasira na Baba, nina hasira na wewe uliye mbali unayetuma maoni ya trela. Usinijibu kuhusu hasira zangu, zitapita au hazitapita.

Ninachokuomba ni kimoja, uje. Labda wewe atakusikia, wewe ndiye mboni ya jicho lake tangu zamani, sisi wengine twajijua. Daktari ameniambia kwamba akibadili nia hata sasa, bado atampokea. Na kama hatakusikia, basi akuone. Ukifika, nakusihi, usilisifu gari, usilishike, usiulize linakula mafuta kiasi gani. Lipite tu uingie ndani.

Nisalimie Thurayya sana, mwambie dawa ya goti lako ni kukaa nyumbani akufunge kamba. Wabusu mapacha. Msalimie shangazi Zamzam ukimpigia Doha, lakini usimwambie chochote kabla hujapanda ndege, ataanza kulia kwenye simu na Mama atajua nimesema. Khalfan anakusalimu. Baba sijamwuliza, lakini wewe hesabu kwamba anakusalimu.

Mama ameniona ninaandika, akajua ni kwako. Anakusalimu, anakuombea Mungu akufungulie riziki na akuhifadhie watoto. Anasema usijisumbue sasa, tiketi ni ghali na una kazi. Anasema uje Ramadhani, mfungue pamoja, komamanga za juu zitakuwa zimenusurika.

Ramadhani bado miezi minne, Mundhir. Usimsikilize.

Mungu akufikishe salama, na akufikishe mapema.

Ni mimi, dada yako akupendaye na anayekungoja mlangoni,
Zuwena binti Sulaiman.