Gari la Mikate

3 Machi

Mpwa wangu,

Hujambo huko? Mimi sijambo, ila kiuno kinanikumbusha umri. Mama yako mzima, anakusalimu, na anauliza kama unakula au unashindia soda.

Najua utanicheka, mtu mzima zama hizi anaandika barua na kumpa kondakta wa basi. Cheka tu. Kazi yangu unaijua, kunyoosha magari yaliyogongwa. Juzi nimeletewa moja, dereva wake kijana wa rika lako, marehemu. Simu yake ilikuwa imenasa chini ya kiti, na ikaanza kuita. Vijana wangu wa gereji wakatoka nje wote. Nilibaki naiangalia hadi iliponyamaza. Kioo chake kiliandika "Mama".

Tangu siku hiyo sikupigii tena, maana sijui nitakukuta mezani au kwenye usukani. Kazi hiyo ya kusambaza mikate nilikuombea mimi kwa bosi wako, kwa hiyo usiniangushe. Ukiwasha gari, simu iweke mbali.

Mjomba wako


11 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima wa afya, na nakula, mwambie mama. Ila mikate nimeichoka hata harufu yake.

Barua yako nimewasomea wenzangu, tumecheka mpaka basi. Mjomba, huyo alikuwa hajui kazi, Mungu amrehemu. Sisi madereva tuna kundi letu kwenye simu, tunataniana tangu alfajiri, na usipojibu wanakuita babu. Mimi wameniita Kinyonga, kwa sababu jicho moja liko barabarani na jingine liko kwenye simu. Mkono mmoja usukani, mwingine unaandika. Usiniwazie mabaya.

Mpwa wako, Kinyonga


2 Aprili

Mjomba, shikamoo. Habari za hapo?

Naandika harakaharaka. Nimegonga mbuzi. Bosi anakuletea gari kwa kuwa wewe ndiye fundi wake. Nakuomba ulinyooshe upesi na ulipige rangi. Si lazima unijibu.

Mpwa wako


6 Aprili

Mpwa wangu,

Leo sikuulizi hali.

Gari limefika. Taa ya kushoto imevunjika, boneti imebonyea. Nilishika nyundo, nikaiweka chini. Kwenye ukingo wa taa umenasa uzi wa sufu, wa buluu, pamoja na nywele. Mbuzi hawavai sweta.

Nimelifunika turubai. Vijana sijawaambia kitu, lakini wanalizunguka kwa mbali, na redio wameizima wenyewe. Mimi nikifumba macho nakuona wewe mdogo, nakuvalisha sweta la shule kwa sababu mama yako kashawahi kazini, na unanisumbua hutaki kuingiza mkono. Naogopa, mwanangu. Nakuogopa wewe.

Gari hili sitaligusa. Niambie ukweli.

Mjomba wako


10 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nilikuwa nasoma kichekesho cha kwenye kundi. Niliposikia mshindo nilikuwa bado nacheka. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni, amelala, kiatu kimoja hana. Nikakanyaga mafuta.

Kesho yake bosi alinipa gari jingine, akasema kuna nyumba ina msiba, imeagiza mikate ya waombolezaji. Nikafika, nikaijua barabara ile. Mwanamume mmoja mwenye macho mekundu alikuja kunisaidia kushusha kreti, akanipa pole ya kazi. Nikamuuliza mtu pembeni huyu ni nani. Akasema ndiye baba wa mtoto.

Nimepeleka mikate siku zote za msiba. Kila siku ananisaidia kushusha, na kila siku ananishukuru, mjomba. Siwezi kula tena, na nikilala nasikia nacheka.

Kesho nitamwambia. Nikitoka hapo nakwenda polisi mwenyewe. Mwambie mama taratibu.

Mpwa wako


19 Aprili

Mpwa wangu,

Naomba barua hii wakupe huko mahabusu. Unalala wapi? Wamekupa blanketi? Mama yako nilimwambia jikoni. Alikaa sakafuni, na mpaka leo hasemi zaidi ya ndiyo na hapana. Jumapili tutakuja kukuona, mimi na yeye.

Gari polisi wamelichukua. Walikuja na baba wa mtoto, mwenyewe aliomba alione. Nikavuta turubai. Aliutazama ule uzi, hakuugusa. Nilitaka kumwomba radhi. Nikamletea kiti, hakukaa. Alisema sweta lile alilinunua kubwa makusudi, ili livaliwe na mwakani.

Halafu, katika yote uliyomwambia, akaniuliza kitu kimoja tu. "Hicho kichekesho kilisemaje?"

Nikamwambia sijui. Akasema anataka kukijua, na kwamba atarudi kuniuliza. Niandikie, mwanangu.

Mjomba wako