Musumari ya Nyuma ya Mulango

Papa,

Atelier yetu ya kutengeneza mashini ilifungwa. Nilitaka usikie hii habari kwangu mimi, hapana kwa muntu mwingine. Patron, mukubwa wetu wa kazi, alitupatia mukono moja moja pa mulango, akalia, kisha akafunga na cadenas, ile kufuli kubwa.

Tangu uliondoka nilikuwa ninasema kama ni yeye aliua sanduku yako ya courant, ile ulitengeneza mwenyewe ya kupata umeme mu jua. Nilimusingizia bure. Patron aliipenda. Siku uliileta, na batterie zake za zamani na plaque yake ya jua, aliwasha nayo taa, akawasha radio, akaita bibi yake akuye kuona. Alisema, "Hii tutauzisha muji muzima." Hakukudanganya, Papa.

Lakini unajua ukuta yetu. Misumari tano, na karatasi ya kila kazi inatundikwa kwa musumari yake. Ya kwanza, mugodi, na magroupe yabo kubwa, zile mashini za kuleta courant na mafuta ya mazout. Ya tano, kule nyuma ya mulango, bantu badogo. Na mwenye kutundika karatasi kila asubui alikuwa mimi, mutoto yako.

Karatasi ya Mama Georgine, ule coiffeuse, mutengeneza nywele wa Kamalondo, niliitundika kule nyuma. Alikuwa anaomba sanduku moja tu, juu courant ilikuwa inamukatikia wakati nywele ya muntu iko nusu kukauka. Lakini kila asubui mugodi banapiga telefone, groupe yabo imesimama, na mi ninakutuma kule pamoja na bafundi bote. Mugodi ndio ilikuwa inatulisha. Nani angeweka coiffeuse mbele yabo? Mangaribi unarudi unanuka mazout, unachungulia nyuma ya mulango, unaniuliza: "Georgine angali pale?" Ninakujibu, "Kesho, Papa."

Nilisema kesho mupaka ukalala lopitali, haukurudia tena. Ile neno inanichoma.

Hakuna mwenye alikataa sanduku yako. Tuliitundika pabaya, ni vile tu. Bafundi ba mutaa ya Bel-Air banauzisha masanduku yabo sasa. Mwanzo zilikuwa mbaya kupita yako, taa inatetemeka, lakini bacoiffeuse balizichukua vile vile, na mwaka kwa mwaka zikakuwa muzuri. Leo hata mugodi wetu bananunua kwabo, zile kubwa. Magroupe ya mazout hakuna tena mwenye kuyauliza.

Unakumbuka siku ya Mungu moja tulienda kutembea kule Karavia, ulifunga sanduku mu kitenge ya Mama, ukaipakata njia yote? Nilikucheka sana. Leo ningeipakata mimi.

Mbele ya kufunga atelier, niling'oa ule musumari ya nyuma ya mulango. Nimeupigilia mu chumba ya mbele kwetu Katuba, peke yake kwa ukuta. Niliweka pale karatasi ya Georgine. Juzi compagnie kubwa moja ya njia ya Kinsevere ikanipigia telefone: groupe yabo ya mwisho imekufa, nikuye mbio. Papa, mukono yangu ilikuwa imeisha kutosha karatasi ya Georgine pa musumari, juu ya kutundika ya ile compagnie. Nilibaki nayo mu mukono, nikalia. Kisha nikabeba sanduku yako, nikaenda Kamalondo kwa Georgine na miguu. Iliwaka.

Lala sasa. Muntu mudogo akinipatia kazi, sitamuambia tena kesho, ninakuahidi. Na kama ungali unauliza, Georgine hayuko tena pale, Papa.

Mutoto yako,
Mujinga