Nimemlilia Padre Fintan Akiwa Hai

Kalinga, nimesikia kikohozi kabla sijaona kitu! Unajua mimi nikighani nafumba macho.

Nipo ubeti wa nne wa shairi la kumlilia padre wetu wa zamani, jubilei ya parokia, watu wote wananitazama: "Lala Fintan, lala baba, Iringa twakulilia."

Kikohozi. Nafumbua macho. Mzungu mzee wa kiti cha mbele, niliyedhani ni mgeni tu kutoka ile parokia ya Ayalandi iliyotuletea kengele, ananisalimu, "Kamwene!" Kihehe kabisa! Halafu: "Kijana, Fintan ni mimi."

KALINGA. NI YEYE. Nimemlilia mtu anakohoa!

Kosa ni la katekista Sosthenes! Miaka tisa, kila Novemba, anasoma jina la Padre Fintan kwenye orodha ya marehemu, na sisi tunaitikia. Mama Evarista akapiga kigelegele, kanisa zima likaangua kicheko. Mwezi mzima nimetunga! Nikataka kuchana karatasi palepale.

Padre akanizuia. "Usichane. Mmeniombea pumziko miaka tisa, nimefika tisini na moja! Kijijini kwetu ni kondoo na kuta za mawe, na hakuna aliyewahi kunitungia shairi. Nimalizie."

Nikamalizia beti zote saba, nacheka huku machozi yananitoka.

Akanishika mkono. "Siku yenyewe ikifika, utakuja kunisomea kule kwetu?"

Nikajibu kwa sauti, kanisa zima likisikia: "Nitakuja, Padre, naahidi. Ila usiwe na haraka, ubeti wa nne bado naurekebisha."