Pamba Anachanwa Ndani

Mkuyuni, Mwanza
12 Januari 2026

Baba mpendwa,
Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa na mahindi yamesimama. Nakuandikia kwenye simu kwa kuwa sikio lako halinasi maneno ukipigiwa. Mimi naendelea. Daktari ameshona mlango wa kizazi ili mimba hii isitoke kama zile mbili, na ameagiza nilale tu.

Leo mume wangu Mayala anakuletea paka wangu, Pamba. Yeye yuko barabarani na lori kila wiki, na mimi nimekatazwa kuinama wala kugusa mchanga wa choo cha paka. Ni paka wa Kiajemi, Baba, si kama wale wa ghalani. Uso wake umebonyea, anapumua kwa shida jua likiwa kali, kwa hiyo akae ndani penye hewa. Anatokwa na machozi, mfute macho kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu. Maji ya kunywa weka kwenye sahani, maana bakuli refu linamgonga pua. Manyoya yachane kila siku. Hapigi kelele, akiumwa anajificha tu.

Mwanao,
Evelina

Sengerema
25 Januari

Evelina mama,
Marahaba. Kifua kimetulia, mahindi yanaendelea.

Paka wako nilipomwona nilidhani amepigwa usoni. Juzi panya alipita mbele yake, wakaangaliana, panya akaendelea na safari. Sabina jirani ameniuliza, "Mzee, huyu anafanya kazi gani?" Macho namfuta. Kuchana nilijaribu mara moja nikaacha. Mtu mzima nikae barazani nichane paka, watu wanapita?

Habari za hospitali siwezi kuuliza, hayo alikuwa anauliza marehemu mama yako. Wewe niandikie tu kama umekula.

Baba

Mkuyuni
2 Februari

Baba,
Shikamoo. Nimekula, tena sana. Jirani yangu Precious ananipikia.

Manyoya yasipochanwa yanashikana, yanavuta ngozi mpaka inachubuka, naye hawezi kukuambia. Mchane ndani, mlango umefungwa. Anza miguuni, taratibu, ukimsemesha.

Daktari amesikia moyo wa mtoto, unapiga vizuri. Nimesema mwenyewe ili usilazimike kuuliza.

Mwanao,
Evelina

Sengerema
13 Aprili

Evelina mama,
Hujambo? Ujumbe wangu wa juzi hujaujibu.

Pamba sasa namchana kila asubuhi nikishakunywa chai. Kwapani yalikuwa yameshikana kama mkeka, Sabina akamshika, nikakata kwa mkasi. Tangu hapo ananifuata hata chooni. Nikikaa anapanda mapajani. Nimejikuta namweleza habari za shamba, na nyumba hii ilikuwa haina mazungumzo tangu mama yako aondoke.

Lakini amebadilika. Anakunywa maji mengi, mchanga unalowa kupita kawaida, mgongo umebaki mifupa, na jana nimemkuta uvunguni. Nimempeleka kwa bwana mifugo. Akasema, "Mzee, mimi wangu ni ng'ombe na mbuzi. Huyu mvushe Mwanza." Kesho nampakia kwenye kikapu, tunapita daraja la Busisi. Nitafika kwako.

Baba

Mwanza
14 Aprili

Mwanangu,
Nimefika Mkuyuni, mlango una kufuli. Precious amesema Jumapili ulikimbizwa hospitali na Mayala yuko nawe. Simu zenu zote zimezimwa. Nimekuja hapa kwenye geti la hospitali, muda wa kuona wagonjwa umepita.

Paka ameonwa na daktari wa wanyama anayeitwa Dorcas. Amempima kwa mashine ya picha, figo zina vifuko vya maji. Nikamuuliza, "Ni kwa sababu sikumchana?" Akasema hapana, paka wa aina hii wengine wanazaliwa nao. Haponi, ila akipata chakula laini kisicho na chumvi, maji safi na vipimo, anaweza kuishi vizuri, pengine miaka. Nimemwachia leo amwongezee maji mwilini.

Mama, mimi sijawahi kuuliza mambo haya. Leo nauliza. Wewe u mzima? Mtoto yupo?

Nipo hapa getini.

Baba

Mwanza
15 Aprili

Baba,
Shikamoo. Simu zetu zote mbili ziliisha chaji, na Mayala hakutaka kuondoka mlangoni. Nimesoma ujumbe wako nikalia, muuguzi akadhani nimezidiwa.

Mimi mzima. Mtoto yupo, Baba. Ni wa kike. Amewahi, ni mdogo sana, ila anapumua mwenyewe. Tumempa jina la mama, Wilhelmina.

Hapa watoto wadogo hivi wanabebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, ndivyo wanavyopata joto na kunenepa. Tunapokezana na Mayala, lakini kesho kutwa anarudi kwenye lori, na mimi nimechoka. Nimemuuliza muuguzi kama babu anaruhusiwa. Akasema, "Kama hana kikohozi wala homa, aje."

Najua ni jambo geni kwako. Ukiona vigumu, Precious atajaribu.

Mwanao,
Evelina

Mwanza
17 Aprili

Mama Wilhelmina,
Marahaba. Sina kikohozi wala homa, wamenipima hapa chini. Pamba amekula jana, yuko kwa Precious.

Nimeoga kwa sabuni, nimekata kucha. Nimevaa shati la vifungo, lile linalofunguka mbele lote. Mwambie muuguzi napanda ngazi.

Babu