Simba Aliyetoka Kooni mwa Stima

Alhamisi, Julai 1965. Mvua ya alasiri imepungua, yamebaki matone ya mabatini.

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimelala Kampala, nimekula Mombasa, na darasa la sita nililiacha mimi, si lenyewe lililoniacha. Kakamega hii, ukitaka treni au radi ndani ya mchezo wa kuigiza, unakuja kwangu na tepurekoda yangu, niliyoachiwa na Mzungu niliyempikia alipofunga mizigo kurudi kwao.

Mchezo wetu wa Jumamosi usiku unataka simba. Nitamtoa wapi? Wiki jana nikaenda kwa Mzee Amukoya, nikarekodi fahali wake Stima akinguruma. Nilinasa kwa mwendo wa haraka, nikapiga kwa mwendo wa polepole. Fahali akawa simba. Nilijisifu mpaka majirani wakachoka.

Jana mzee akapita ukumbini tukifanya mazoezi, akamsikia simba, akaambiwa huyo ni Stima. Kufika nyumbani akamkuta Stima amelala, hataki majani, hatoi sauti.

Na Jumamosi alfajiri Stima anapigana na fahali mwenzake, watu wakitazama. Ukoo mzima umeshaanza kumwimbia.

Leo mchana mzee alisimama mlangoni pangu na wanawe wawili, fimbo mkononi.

"Wewe mpishi, sauti ya ng'ombe yangu umepeleka wapi?"

"Iko tu ndani ya utepe, baba. Ni kama picha."

"Picha haikatazangi mtu chakula. Rudisha."

"Na usirudishe ile ya polepole," akasema mwanawe mkubwa. Hakuwa anacheka.

Ningeweza kuifuta mbele yao, lakini kufuta si kurudisha. Na niseme ukweli hapa ambapo hakuna wa kunisikia: niliogopa. Je, kama kweli nimeichukua?

Nikabeba mashine mpaka kwake. Stima alikuwa amelala zizini, jicho kama la mgonjwa. Nikaiweka juu ya gogo, mwendo wa haraka, sauti yote.

Sikio lake likageuka. Basi. Nikarudisha utepe nyuma, vidole vikiteleza kwa jasho, wale vijana wakiwa mgongoni kwangu. Nikapiga tena.

Akasimama.

Alinguruma mpaka kifua changu kikatikisika, akavunja ua, akamwendea yule fahali mgeni aliyemsikia pale juu ya gogo. Mimi niliruka. Mashine haikujua kuruka.

Pembe moja ilitosha. Akabaki anazunguka uwanjani, utepe unaning'inia kwenye pembe zake kama shada la harusi, halafu akainamia majani na kula.

Mzee alinishika mkono, macho yamejaa maji. "Sasa iko yote." Ndipo akaona vipande. "Na simba yako?"

"Amerudi kwao, baba, kama Mzungu wake."

Wakacheka wote, hata yule mwanawe mkubwa. Mimi nilicheka mpaka barabarani, kisha nikahesabu vipande nilivyobeba.

Sasa vipande viko mezani. Gurudumu moja bado linazunguka ukiligusa. Watu wa mchezo sijawaambia. Jumamosi alfajiri nitamshangilia Stima mpaka koo liwake, maana akishindwa nitasema nini kwa mzee? Lakini koo hilohilo ndilo litakalokuwa simba wa usiku, nyuma ya pazia, mdomo ndani ya mtungi mtupu.

Nimejaribu mara moja sasa hivi. Mke wangu ameuliza kutoka jikoni kama tumbo linaniuma.

Nitajaribu tena akienda kisimani.